Sufuria za chuma za miaka ya 1950 na 1960: uanze na ipi?

Ukiwa na pesa ya sufuria moja tu, nunua ya Timo Sarpaneva. Mfini huyu sifa zake nyingi ni za vyombo vya kioo, lakini babu yake mzaa mama alikuwa mhunzi, na mwaka 1960 alibuni sufuria ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa kampuni ya Rosenlew. Nje nyeusi, ndani enameli nyeupe (utando mgumu kama kioo), juu mpini wa mbao ya mtiki uliopinda. Unauchomoa mpini kwenye masikio ya sufuria, unaupenyeza chini ya kishikio cha kifuniko, unakiinua huku mvuke ukipanda, wala huhitaji kitambaa. Kila ninapofanya hivyo nafurahi upya. Finland iliiweka kwenye stempu mwaka 1998. Kampuni ya Iittala, ya huko huko Finland, iliirudisha sokoni mwaka 2003, na kwa mapishi ya kila siku ningechukua hiyo. Ya Rosenlew inunue kama unaipenda historia yake, na ukague mpini usiwe na ufa.

Ya pili ni ya Michael Lax, Mmarekani aliyeibunia Copco, kampuni iliyoanzishwa na Sam Farber mwaka 1960. Zilisubiwa Denmark, zina rangi za kukolea, na kwenye mitumba huwa rahisi kuliko ya Sarpaneva. Geuza chombo usome maandishi ya kitakoni.

Coquelle, sufuria ya kampuni ya Kifaransa Le Creuset, ya mwaka 1958, naiweka ya tatu. Aliichora Raymond Loewy, yule wa vichwa vya treni vya Marekani, na ukiliona umbo lake tu unamtambua mchoraji. Ni nzuri kwa nyama ya kuoka, ila mikono yake ni chuma kitupu na inaunguza.

Angalizo kwa wapenzi wa Jens Quistgaard, mbunifu wa Denmark: sufuria ya Kobenstyle aliyoibunia kampuni ya Dansk mwaka 1956 ni bati la chuma lenye enameli, si chuma cha kusubu. Nyepesi, inapendeza mezani, lakini haitunzi moto. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, maana inanasa kote kuwili. Pima kwa mkono.

Mimi niliwahi kununua kwa picha zilizopigwa kwa juu tu. Sufuria ilipofika, enameli ya ndani ilikuwa imebanduka sehemu ya ukubwa wa kucha, na mchuzi wa kwanza ulitoka na vipande. Kutu ya nje husuguliwa ikaisha. Enameli ya ndani ikishabanduka, jikoni haitengenezeki. Kwa hiyo dai picha ya ndani, ya kitako na ya ukingo.

Ukiweza kuishika, ining'inize kwa kidole na uigonge kwa kifundo cha kidole kingine. Nzima hulia kama kengele. Ikitoa mlio mfupi, mzito, ina ufa hata kama huuoni. Iache hapo hapo.