Orla Barry na Niamh McCarthy: kisahani cha kuketi na cha kusimama

Wote wawili wanatoka kaunti ya Cork, Ayalandi, na wote walitwaa medali ya fedha ya kurusha kisahani kwenye Paralimpiki ya Rio 2016. Njia zao zilitofautiana sana.

Barry, aliyekatwa mguu utotoni, alirusha katika daraja la F57: aliketi kwenye kiti kilichofungwa imara chini, bila kuzunguka, kwa hiyo kisahani cha kilo 1 kilitegemea kiwiliwili, bega na mkono. Mimi naona huo ndio urushaji mgumu zaidi. Alikuwepo Beijing 2008, akapata shaba London 2012, kisha fedha nyuma ya Nassima Saifi wa Algeria.

McCarthy, wa F41, daraja la wanariadha wafupi sana, alisimama na aliweza kujizungusha ndani ya duara akiwa na kisahani cha kilo 0.75. Yeye alipanda haraka: shaba ya mashindano ya dunia ya wanariadha wenye ulemavu Doha 2015, fedha Rio nyuma ya Raoua Tlili wa Tunisia.

Berlin 2018 kila mmoja akawa bingwa wa Ulaya. Kwa kasi, McCarthy. Kwa uvumilivu, nampa Barry.