Ziara ya kuongozwa Kilwa Kisiwani: tathmini ya mwanafunzi wa usanifu majengo

Huduma ninayoitathmini hapa ni ziara ya siku moja kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa masultani, ikiwa na mwongozaji, mashua na chakula cha mchana ndani yake. Mimi na wanafunzi wenzangu tulikwenda kwa sababu mwalimu wetu ametupa mradi wa kubuni kituo cha wageni katika pwani ya kusini. Katika fani yetu ni desturi mwanafunzi kubandika michoro ukutani, kusimama mbele ya jopo la walimu na kutolewa jasho. Kwa hiyo nimeona ni haki, walau safari hii, mwanafunzi naye aketi kwenye jopo na masultani wa Kilwa ndio wasimame kutetea kazi zao.

Njiani hakuna mengi ya kueleza. Ukitoka Dar es Salaam utavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, kisha utafika Nangurukuru, ambako barabara ya Masoko inaachana na ile inayokwenda Lindi na Mtwara. Anayesafiri na kielelezo cha kadibodi akipakate mwenyewe, maana kondakta akikiona ama atakitoza nauli ya mzigo ama abiria mwenye haraka atakikalia. Kibali cha kuingia kwenye magofu hulipiwa Masoko kabla ya kuvuka, na hapo tulisubiri kuliko ilivyostahili, kwa kuwa mwenye kitabu cha stakabadhi alikuwa ametoka na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Mashua yenyewe ilikuwa safi, nahodha alihakikisha kila mtu amevaa jaketi la kujiokolea, na upepo ulitufikisha upesi. Maji yakiwa yamekupwa mtateremka mbali kidogo na ufuo, kwa hiyo viatu vya kufunga kamba haviwafai.

Thamani ya ziara hii yote imo kwa mwongozaji. Wetu alikuwa mzee wa hapohapo kisiwani, asiyekariri maelezo kama anayesoma risala, na aliyekuwa na subira kubwa kwa watu wanaopiga picha nyufa badala ya kupigana picha wenyewe. Mwenzetu mmoja alipomwonyesha mchoro wake wa Msikiti Mkuu, mzee aliuangalia kwa makini, akauinua juu, akautazama msikiti, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, huu mnara umeuona wapi?" Msikiti ule hauna mnara. Mwenzetu alijibu kwamba aliuongeza ili kuleta uwiano. Mzee akamwambia, "Basi mngoje sultani aje akulipe," na tangu hapo mchoro ule haukutolewa tena mkobani.

Msikiti Mkuu ndio unaostahili muda mrefu kuliko yote. Ukumbi mdogo wa kaskazini ni wa karne ya 11. Upanuzi mkubwa wa kusini ulifuata baadaye, ukaporomoka, na ukajengwa upya katika karne ya 15. Kwa maneno ya studio, yaani darasa letu la kubuni majengo, jopo liliurudisha mradi ukafanyiwe marekebisho, na marekebisho yakatoka mazuri. Simama kati ya nguzo zake za pembe nane, uinue macho: juu yako kuna kuba na matao ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, bila nondo hata moja, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale. Mzee alituonyesha pia kwamba miimo ya milango na mapambo hayakuchongwa katika jiwe gumu la ukutani, bali katika tumbawe laini lililotolewa baharini na kuchongwa likiwa bado bichi, kabla halijakauka na kuwa gumu. Nilipitisha kidole kwenye ukingo mmoja uliochongwa, nikakuta bado umenyooka kuliko fremu za madirisha ya bweni letu.

Aliposimama kwenye vyumba vya nyumba za kale ndipo alipotufundisha jambo ambalo mradi wetu ulilihitaji zaidi. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu dari la bapa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haikubali kuvuka upana mkubwa bila kupinda. Aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi aweke nguzo katikati au ajenge kuba. Sisi tunachora kwa programu ya kompyuta ambayo hukubali upana wowote na kungoja mhandisi aje kulia.

Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa kati ya 1310 na 1333 hivi, limekaa juu ya genge linalotazama bahari, nalo lina vyumba zaidi ya 100, nyua za kupokelea wageni na birika la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyohuyo, akausifu mji kwa uzuri wake. Mimi ningemtunuku mbunifu alama za juu kwa namna alivyoukaribisha upepo wa bahari, lakini ningemuuliza swali ambalo yeyote aliyewahi kutumwa kisimani angeuliza: birika hili nani analijaza? Bahati mbaya ndiyo sehemu tuliyoipitia mbiombio, kwa kuwa mpangilio wa ziara unaiweka mwisho, jua likiwa la utosi na kila mtu akiwaza wali. Ningeshauri waandaaji waanze nayo asubuhi, wamalizie na Msikiti Mkuu na Gereza, ile ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505, ambayo sehemu kubwa ya kuta zake za leo ni kazi ya Waomani.

Wali wa nazi na samaki wa kupaka, uliopikwa na akina mama wa kijijini, haukuwa na kasoro. Kasoro ni vibao vya maelezo: ni vichache, na kwa mahali palipo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, ambapo paliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014, asiye na mwongozaji hatajua hata kwamba kuna kisa cha kusimulia. Kwa hiyo msidanganyike kupunguza gharama kwa kuvuka peke yenu.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki na mwenye kitabu cha stakabadhi. Wanaotaka kuona Songo Mnara pia, kisiwa kingine cha jirani chenye magofu, wapange siku nyingine, na wapatane bei ya boti ya injini wakiwa bado Masoko, kwa sababu ni mbali zaidi na nahodha hutazama kwanza maji yanajaa au yanakupwa saa ngapi.