Orvus WA Paste kwa kufulia kanga za zamani: uzoefu wangu

Nimeitumia kwa kanga za pamba tu, zile za zamani zilizokaa sandukuni mpaka zikawa na umanjano na vumbi lililoganda kwenye mikunjo. Kwa kazi hiyo sijaona sabuni inayoishinda. Madoa ni habari nyingine, na anayeinunua akitarajia madoa yatoke atapoteza pesa zake.

Ni uji mzito wa sodiamu lauryl sulfeti, kemikali ya kusafishia, usio na manukato wala king'arisha nguo, na hauelemei upande wa asidi wala wa magadi. Marekani huuzwa kwenye maduka ya wafugaji kwa kuoshea farasi na ng'ombe, kopo la ratili 7.5, yaani kama kilo 3.4. Uzito huo ukiagiza Afrika Mashariki unakula nauli, kwa hiyo tafuta kopo dogo lililopimwa upya, na uhakikishe kibandiko kinataja kilichomo.

Kwa nini usitumie tu sabuni ya mche? Ina magadi, tena katika maji magumu ya visima vya pwani inashikana na chokaa na kuacha utando usiosuuzika. Utando huo hugeuka manjano miaka inavyopita. Sabuni za unga nyingi zina ving'arishaji vinavyobaki kwenye uzi: weupe wa mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, unakuwa wa kibuluu, na anayezijua kanga za kale atauona papo hapo.

Kabla ya kulowesha, pima kama rangi inachuja. Weka tone la maji kwenye kila rangi, subiri dakika 5, kisha gandamiza kitambaa cheupe cha pamba juu yake. Rudia kwa tone la maji ya sabuni, maana kuna rangi zinazovumilia maji lakini zikakataa sabuni. Kwenye kanga ya kisutu angalia nyekundu na nyeusi kwa makini zaidi. Nyekundu ikishaingia kwenye nyeupe haina dawa. Pima pia maandishi ya jina, yaani msemo wa kanga, na ile alama ndogo ya mwenye mtindo, kama K.H.E. Mali ya Abdulla. Halafu inua kanga mwangani. Kuna nyeusi za kale zinazokula pamba polepole, na ukiona vitundu vinafuata mistari myeusi peke yake, acha kabisa kuifua, kwa sababu uzito wa maji utaichana.

Doti ambayo haijakatwa, yenye wanga na kibandiko chake cha dukani, nayo haifuliwi. Najua wanga huvutia wadudu. Hata hivyo ni afadhali kupambana na wadudu kuliko kufuta ushahidi wa jinsi kanga ilivyotoka kiwandani.

Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chai kwa lita 5 za maji ya vuguvugu. Kwenye baridi uji huu huganda ukawa mweupe kama samli. Weka kopo ndani ya maji ya moto kidogo mpaka ulainike, ukoroge, kisha uyeyushe kipimo chako kwenye kikombe kabla ya kumimina. Bonge likitua juu ya kanga, sehemu hiyo itasumbua kusuuza. Vaa glavu, kwani hukausha ngozi na huwasha macho.

Tandika neti ya nailoni isiyotiwa dawa ya mbu kwenye beseni pana, kanga juu yake ikiwa imekunjwa mara moja. Iloweke kwanza kwenye maji matupu dakika 20. Sehemu kubwa ya umanjano hutoka hapo, kabla ya sabuni yoyote. Mwaga, tia maji ya sabuni, na kwa dakika 15 gandamiza kwa sponji ukienda juu na chini. Usifikiche wala usikamue. Kila unapobadilisha maji, inua neti, si kanga yenyewe.

Tatizo ni kusuuza. Povu lake ni jingi mno. Kwa kanga moja hubadilisha maji mara 5 au 6, lita 10 kila mara, na anayenunua maji kwa dumu atahesabu dumu 3 za lita 20. Usitafute njia ya mkato: teka maji ya mwisho kwenye chupa safi, tikisa, na povu likibaki juu, endelea. Suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopoozwa ukawa maji. Maji ya betri yanafaa, ila soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo nayo inaangamiza pamba.

Ianike kivulini, bapa juu ya taulo jeupe. Kwenye kamba, uzito wa maji huvuta pindo hadi linachanika. Nyoosha uzi kwa vidole ingali mbichi, na hutahitaji kupiga pasi.

Kutu haitoki kwa Orvus, wala madoa ya kuvu, wala mafuta ya nazi yaliyozeeka. Usijaribu kumalizia kwa jiki: klorini haiondoi kutu, na chuma kilichomo kwenye doa huifanya ile pamba ioze haraka zaidi. Ndimu na chumvi huondoa kutu kweli, lakini asidi inayobaki hudhoofisha uzi palepale. Kwenye kanga ya thamani naliacha doa lilivyo. Kaniki, hariri na kofia zilizodariziwa sijazifulia kwa sabuni hii, kwa hiyo maoni haya yasichukuliwe kuwa ni ruhusa kwazo.