Duka la nafaka Mbagala linaloandika bei ya kilo pembeni ya bei ya robo

Wa Mbagala mnaonunua vitu vya robo robo, kuna duka la nafaka njia ya kwenda sokoni, halina hata bango, nendeni. Sio kwamba anauza bei ya kutupa, hapana, ila huyu Mangi ana ubao na kila kitu kakiandika bei mara mbili, ya kipimo unachochukua na ya kilo nzima. Sukari robo 900, pembeni 3,600. Nusu 1,700, pembeni 3,400. Kilo 3,200. Yaani unaona laivu kwamba anayechukua robo mara nne kashamwachia Mangi 400 juu, na hakuna aliyeibiwa hapo, ni bei tu ya kununua kidogo kidogo.

Maharage sasa, robo 800, nusu 1,600, kilo 3,200. Zidisha unavyotaka ni bei ileile, kwahiyo hapo chukua ya kupika leo tu usijaze ndani bure.

Kinachoniudhi ni mafuta, hayo hakuyaandika bei ya lita na ndo yanayochanganya watu kuliko vyote. Chupa ya robo tatu lita 4,500, lita kamili 5,800, na watu wanabeba ya 4,500 wanajua wameokoa. Gawanya 4,500 kwa 3/4, ile ya shule ya kugeuza sehemu kichwa chini, inakuwa 4,500 mara 4/3, unapata 6,000 kwa lita. Kama kugeuza kumeshatoka kichwani fanya hivi, robo tatu ni 4,500 basi robo moja 1,500, lita ina robo nne, 6,000 hiyo. Lita kamili inakuokolea 200. Na msilinganishe na wale wanaopima mafuta kwa mizani maana lita ya mafuta ya kula haifiki kilo, iko kama gramu 920 hivi.

Mchele wa paketi kilo moja na nusu 4,800. Moja na nusu ni nusu tatu, kila nusu 1,600, kwahiyo kilo 3,200, wakati wa kupima kwenye gunia hapohapo ni 3,000 na mwenyewe anakwambia ni uleule, kaupaki tu. Huo ukweli wake ndo unaonirudisha pale.

Mashine ya kusaga karanga mtihani, inasaga kilo moja na nusu kwa robo saa, sawa na kilo sita kwa saa, ukikuta mwenye kilo tatu mbele yako hesabu nusu saa umekaa kwenye kreti. Bora umwachie uende zako urudi baadae. Mizani inasoma sifuri kabla hajaweka kitu, nimeangalia. Nyota nne, ya tano akiandika bei ya lita kwenye mafuta.