Faiba au shaba? Kwa mwenye nyumba ya wageni Malindi

Karibu na bahari, suala la waya wa intaneti si kasi peke yake. Adui ni chumvi. Waya wa shaba hupitisha umeme, na hewa ya pwani huzila ncha zake mpaka zikaota kutu ya kijani; mtandao ukaanza kukatika-katika, fundi haoni kasoro. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Kioo hakishiki kutu, hakisumbuliwi na jenereta, na kebo isiyo na chuma ndani haileti umeme wa radi kwenye mitambo.

Umbali nao: waya wa shaba wa mtandao wa ndani ya jengo kikomo chake mita 100, faiba huenda kilomita kadhaa. Ndiyo maana nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa kwa njia ya bahari mwaka 2009, ni za faiba.

Lakini shaba ina lake. Waya huohuo hulisha kamera umeme, na waya ukikatika ni rahisi kuurekebisha. Faiba yataka mashine maalumu ya kuiyeyusha na kuiunga, tena usiikunje kama kamba ya mbuzi! Mimi ningevuta faiba hadi mapokezi na banda la ufukweni, vyumbani nimalizie na shaba.