Fundi aliyeniomba rangi ya biriani: uzoefu wangu na beseni lililovuja kwa zamu

Nakaa na baba yangu nyumba za Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya tatu. Kwa miezi minne hivi beseni letu la kunawia lilikuwa likivuja, tena kwa zamu kama umeme wa mgao. Ukifungua kabati la chini yake asubuhi, pakavu. Wiki ikipita, paketi ya sabuni ya unga imelowa tako zima. Ukiita mtu aje aone, pakavu tena. Aliyejua habari zake vizuri ni Bi Mkubwa wa chini yetu, maana matone yalipenya pembeni ya bomba la majitaka yakamwangukia yeye. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa mjumbe: "Bibi kasema maji yenu yameshuka tena."

Fundi wa kwanza alikuja Jumamosi. Kalala chali, kamulika kwa simu, kaona ukoko mweupe unaoteremka mpaka kwenye nati ya chini, kaupangusa wote kwa kitambaa, kakaza nati, kabadilisha mipira miwili inayopandisha maji, kachukua 45,000 na kwenda zake. Maji hakuyajaribu hata ya kujaza kopo. Wiki ya pili yake, mjukuu kagonga mlango.

Nikashuka mwenyewe kwa Bi Mkubwa kumtaka radhi, nikamuuliza hasa ni lini.

"Usiku wa Ijumaa, mwanangu. Nikishashika Yasini tu, tone la kwanza begani."

Basi Ijumaa ile nilikesha na tochi mbele ya kabati mpaka saa sita za usiku. Hata unyevu. Nikaanza kumdhania vibaya bibi wa watu, Mungu anisamehe.

Huyu fundi wa pili, ambaye ndiye ninayetaka kumsifu, ni kijana niliyemwokota Darajani mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliahidi kuja baada ya Alasiri, kaja Magharibi inakaribia. Hilo namkata alama. Lakini spana hakuigusa. Kauliza nani analitumia beseni na analitumiaje, kisha kashuka chini kumhoji Bi Mkubwa. Kapanda anacheka.

"Dada, wewe ulikesha siku gani?"

"Ijumaa."

"Usiku wa Ijumaa wa wazee ni ule wa kuamkia Ijumaa. Jua la Alhamisi likizama, Ijumaa imeshaingia."

Nimesoma chuo cha Kurani miaka mingapi, na jambo hili nalijua fika. Saa ya simu imenisahaulisha.

Sasa Alhamisi kuna nini humu ndani? Kofia za baba. Anazo tatu za mkono, za viua, yaani zilizotiwa nakshi kwa sindano, na hamwamini mtu kuzifua. Alhamisi jioni huziba shimo la beseni kwa kizibo, hufungulia maji kidogo kidogo, akaenda kutafuta wanga wake wa kukazia kofia. Sisi wengine tunanawa na kutawadha maji yakipita tu, hakuna anayejaza. Baba alipoulizwa alikuja juu: "Mimi sijapata kumwaga hata tone!" Na kweli hakumwaga, kwa sababu beseni lina lile tundu dogo la juu linalomeza maji kabla hayajafika ukingoni.

Fundi akakausha kila kitu chini ya beseni, akazungushia tishu kavu kwenye kila maungio, kisha akaniomba rangi ya biriani. Nilidhani anatania. Kwanza akaacha koki za chini, zinazoingiza maji kwenye mipira, ziwe wazi bila kufungulia bomba la beseni. Tishu kavu. Akaniambia mipira ile ina msukumo wa maji saa zote, ingekuwa ndiyo mbovu ingevuja usiku na mchana, kwa hiyo hata ile ya zamani haikuwa na kosa (hapo nikaikumbuka 45,000 yangu). Akafungulia maji yakatiririka. Tishu kavu. Mwisho akaziba, akatia rangi, akajaza mpaka tundu la juu likaanza kumeza. Dakika chache tu, tishu ya nati ya juu kabisa, ile iliyojificha mgongoni mwa beseni, ikageuka rangi ya chungwa.

Kumbe ndani ya ule udongo wa beseni kuna njia iliyo wazi, inatoka kwenye tundu la juu hadi ubavuni mwa westi, kile kipande cha shimo kinachofungwa kwa nati chini. Westi ina vidirisha vya kupokea maji hayo. Kati ya beseni na nati kuna washa ya mpira, na ya kwetu ilikuwa imekakamaa na kupasuka kama kandambili ya mwaka juzi. Maji yakishuka katikati ya shimo yanaipita mbali. Yakishuka kwa njia ya pembeni yanaikalia, yanapata ufa. Ule ukoko mweupe nao ulikuwa unaeleza habari yote: maji ya Unguja yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa, yakikauka yanaacha alama. Alama ilianzia nati ya juu. Fundi wa kwanza aliufuta ushahidi kwa kitambaa.

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Westi mpya 15,000, ufundi 20,000. Alinionya kwamba seti za bei ndogo huja na washa nyembamba, nichague yenye mpira mnene, laini ukiubonyeza. Akapaka silikoni chini ya mdomo wa westi, akakataza beseni lisitumike mpaka kesho yake wakati kama ule. Muda huo ulipotimia akaijaribu kwa maji ya kujaa, mara mbili, nikiangalia.

Lawama nyingine: aliacha sakafu imejaa uchafu, na rangi ya biriani imeng'ang'ania kwenye ukingo wa beseni jeupe. Nampa nne kati ya tano.

Zimepita Alhamisi tano na mjukuu hajagonga. Dari la Bi Mkubwa lina doa la njano, nimejitolea kulipaka. Kasema watu waje usiku wa Jumatatu. Nimemuuliza mara mbili ni upi.