Reli ya Nordland, Trondheim hadi Bodø: nyota tano, na keti kushoto

Malindi hatuna reli. Anayetaka kuiona treni sharti ateremke Mombasa, na mimi hushuka hata nikiwa sina pa kusafiri. Makorongo nayo niliyapenda tangu utotoni, kule Nyari, Marafa, tulikokuwa tukipita chini ya zile kuta nyekundu. Kwa hiyo dada yangu aliyeolewa Norwei aliponialika mwezi wa Juni, nilimwomba reli mbili tu: ya Flåm na ya Bodø. Nawaandikia wenye jamaa huko na mfuko wa kubana.

Flåm ni kilomita 20 tu. Unaianza Myrdal, mita 866 juu ya bahari, na unaimaliza ufukweni. Kwa muda usiozidi saa moja treni inateremka bondeni kwenye mahandaki 20, mengi yakiwa yamechimbwa kwa mkono. Penye mteremko mkali inashuka mita 1 kwa kila mita 18, na haina reli ya meno katikati: ni magurudumu ya kawaida na breki. Handaki moja linajipinda tumboni mwa mlima, ukitoka nje unakuta umegeuzwa ulikotoka. Kwenye maporomoko ya Kjosfossen inasimama ushuke, na manyunyu yanakupiga usoni. Mashallah, mafundi wale! Ila Juni mabehewa yanajaa watalii wa meli, na ukigawa nauli kwa kilomita, ni ghali. Nyota nne.

Fedha ikitosha reli moja, ipeleke kaskazini. Nordland ni kilomita 729, karibu saa kumi kitini, na sehemu kubwa haina waya za umeme, kwa hiyo dizeli inanguruma chini ya miguu siku nzima. Sauti hiyo naipenda mno. Karibu na Mosjøen dereva alipunguza mwendo ili tuyatazame maporomoko ya Laksforsen.

Lakini utamu wenyewe unaanza ukishapita Mo i Rana. Treni inapanda bonde la Dunderland, miti inazidi kufupika, mwishowe haipo kabisa. Juu ya Saltfjellet, kwenye mita 680 hivi, theluji ilikuwa imelala mabaka mabaka, na ni Juni! Ikatangazwa kwamba tunavuka Duara ya Aktiki, ule mstari wa kaskazini ambao ukiuvuka kuna siku za kiangazi jua halizami. Kando ya njia wamejenga piramidi za mawe kuonyesha mstari. Zilipita dirishani kufumba na kufumbua. Nilikuwa nimebandika kiganja kwenye kioo, na baridi yake ilinifika hadi kwenye kiwiko. Mtoto wa Malindi nikashindwa kuyazuia machozi.

Njia hii imegharimu roho za watu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walioikalia nchi waliwatumikisha mateka wa Kisovyeti na wa Yugoslavia kuijenga, na wengi wao walifia huko. Bodø reli ilifika mwaka 1962. Wakitangaza duara, na mateka hao watajwe.

Wenzangu mtauliza habari ya swala. Bodø wakati huo jua halizami, kwa hiyo wakati wa swala ya magharibi huuoni. Nilikuwa nimemuuliza ustadhi wangu kabla ya kuondoka, nikafuata nyakati za Makka. Adhuhuri na alasiri nilizijumuisha mle mle kitini. Chakula kinauzwa, lakini kwa kuchelea nguruwe nilikula mahamri aliyonifungia dada.

Tiketi nunua mapema, huwa nafuu. Chagua treni ya mchana. Ukielekea kaskazini omba dirisha la kushoto: fiodi (mkono wa bahari uliopenya bara) ya Trondheim, ziwa la Snåsa, na maji ya Skjerstad ukishaipita Fauske, yote yako upande huo. Sweta usiifungie sandukuni.